Stering Hafi: Kumbukumbu ya Mabanda ya Vidio, Ruiru Hadi Thika

Kila Oktoba, Sitges, mji mdogo wa pwani kusini mwa Barcelona, hujaa mazimwi. Tamasha lake la filamu za ajabu na za kutisha lilianza mwaka 1968, na nembo yake ni sokwe King Kong. Brussels ilipata la kwake mwaka 1983, na watazamaji wa huko wamejijengea sifa ya peke yao: hawanyamazi. Humwonya msichana asifungue mlango, humzomea muuaji, na mwezi mpevu ukitokea kwenye skrini hubweka kama mbwamwitu. Wanaoandika habari za tamasha hilo huueleza ukumbi wake kama kioja kisicho na mfano duniani. Mtu aliyekulia kati ya Ruiru na Thika miaka ya 1990 akisoma maelezo hayo atauliza tu: kwani kwingine mlikuwa mkitazamaje filamu?

Historia ya filamu za ajabu katika miji yetu hii miwili haianzi kwenye zulia jekundu. Inaanza kwenye banda la mabati, na ninaiandika hapa kwa heshima ile ile ambayo vyuo, makanisa na vyama vya ushirika huandikiwa vitabu vyao vya jubilei.

Maana banda la vidio lilikuwa taasisi kamili. Lilikuwa na saa zake, ada yake, sheria zake na wazee wake. Ndani mlikuwa na mabenchi ya mbao, televisheni moja iliyopandishwa juu ili wa nyuma nao waone, deki, na wufa mbili zenye nguvu ya kuitikisa bati. Madirisha yalizibwa kwa magunia. Nje palisimama ubao ulioandikwa kwa chaki: saa nane Wachina, saa kumi Wahindi, saa moja jioni Komando. Jina la filamu halikuwa na uzito sana. Aina ndiyo iliyouza. Wapangaji ratiba wa matamasha makubwa ya Ulaya hutumia mkono huo huo, wakitenga usiku wa mizimu, usiku wa mapanga na usiku wa viumbe kutoka sayari nyingine. Tofauti ni kwamba wao huchapisha kitabu cha ratiba chenye picha za rangi, na mwenye banda alikuwa na chaki na kitambaa cha kufutia.

Kiingilio kilikuwa shilingi tano, kisha kumi, kisha ishirini. Asiye na kitu alijua tundu la ukuta wa nyuma lilipo, na mwenye banda alijua kwamba anajua. Huko Makongeni na Kiandutu upande wa Thika, huko Kihunguro na Githurai upande wa Ruiru, mtoto aliyetumwa maziwa alipimwa uadilifu wake na umbali uliokuwapo kati ya duka na banda.

Ni lazima ikumbukwe miji hii ilikuwa ya namna gani. Thika ilikuwa ya viwanda: nguo, mafuta ya kupikia, mananasi ya kopo, na wafanyakazi wa zamu waliotoka kazini saa ambazo hakuna burudani nyingine iliyokuwa wazi ila baa. Ruiru ilikuwa kituo cha mashamba ya kahawa na mkonge kabla haijawa bweni la Nairobi. Sensa ya 2019 ilihesabu humo zaidi ya watu 490,000, zaidi kidogo ya mara mbili ya idadi ya miaka kumi iliyotangulia. Sinema nyingi zenye viti vya kukunja zilikuwa Nairobi. Fox Drive-In ilikuwa kwenye Barabara ya Thika hii hii, lakini ile, kama jina lake lisemavyo, ilikuwa ya wenye magari. Televisheni nayo ilikuwa ya serikali peke yake hadi KTN ilipoingia hewani mwaka 1990, na hata hapo mawimbi yalianzia Nairobi na kuishia karibu na hapo.

Ulimwengu wa nje uliijua Thika kwa tamthilia moja ya Waingereza. Mwaka 1981 kampuni ya Thames Television ilitengeneza sehemu saba kutoka kitabu cha Elspeth Huxley cha 1959 kuhusu utoto wake katika shamba la walowezi, na Hayley Mills akacheza mama wa mtoto huyo. Miti ya Thika ikawa maarufu London. Watu wa Thika walikuwa na filamu zao nyingine, na hazikuwa na miti mingi.

Nikirudi nyuma zaidi, naona kwamba banda la vidio lilijibu, bila kujua, swali lililoulizwa kwa dharau miaka mingi kabla yake: je, Mwafrika anaweza kuifuata filamu? Kati ya 1935 na 1937 mradi wa Waingereza uliojulikana kama BEKE, wenye makao yake Vugiri katika milima ya Usambara, ulitengeneza filamu zipatazo 35 na kuzizungusha kwa lori katika Afrika Mashariki. Zilihusu kodi, minyoo, benki ya posta. Maelezo yake yalitolewa kwa lugha za wenyeji, kwa santuri au kwa mtu aliyeshika kipaza sauti. Vita vilipoanza mwaka 1939 London ikaunda Colonial Film Unit, na mkuu wake, William Sellers, aliyeanza kazi hiyo Nigeria, akaweka kanuni: Mwafrika aonyeshwe picha za polepole, zenye jambo moja kwa wakati, bila hila za kamera. Hila zingemchanganya.

Basi fikiria banda moja la Kihunguro nusu karne baadaye. Shujaa wa Kichina anakatwa mkono, anajifunza upanga upya kwa mkono uliobaki, anaruka kutoka paa hili hadi lile bila ngazi, na watoto wa darasa la tatu wanafuata kila kitu bila shida yoyote, tena filamu haijafika nusu wamekwisha kumtambua msaliti. Nagina ya 1986 iliwaletea Sridevi, nyoka mwenye umbo la mwanamke. Terminator 2 ya 1991 iliwaletea askari wa zebaki anayepita kwenye nondo. Hakuna aliyechanganyikiwa. Hila za kamera zilikuwa ndizo walizolipia.

Filamu zenyewe zilikuja kwa mawimbi. Bruce Lee alifariki Julai 1973, mwezi mmoja kabla Enter the Dragon haijatoka Marekani, na bado katika mabanda yetu alikuwa hai miaka ishirini baadaye. Jackie Chan wa Drunken Master, ya 1978, alitufundisha kwamba shujaa anaweza kuchekesha. Mwaka 1985 pekee ulitupa Commando na Rambo ya pili, na sidhani kuna mwaka mwingine uliomnufaisha mwenye banda kiasi hicho. Kisha Predator, kisha Anaconda ya 1997, ambayo kwa muda iliwafanya watoto wautazame mto Ruiru kwa heshima mpya. Upande wa Afrika, Living in Bondage ya 1992 ilifungua lango la Naijeria: madhehebu ya siri, damu, mke aliyetolewa kafara anayerudi usiku. Filamu za Wachina zilitutia hamu ya kupigana. Za Naijeria zilitutia hofu ya kwenda msalani usiku, na kwangu hiyo ndiyo kazi ya filamu ya kutisha. Inayokuacha ulale vizuri imekula pesa zako bure.

Tanzania nayo haikubaki nyuma. Mussa Banzi alitoa Nsyuka mwaka 2003 na Shumileta mwaka 2005, na hapo mazimwi na majini yakaanza kuzungumza Kiswahili chao wenyewe, bila kuhitaji kutafsiriwa.

Hilo la kutafsiri ndilo kiini cha habari hii. Kaseti ilikuwa ya Kikantoni, Kihindi au Kiingereza cha Marekani kilichotafunwa. Katikati ya kaseti na benchi alikaa DJ. Mwanzoni alikuwa ni mtu yeyote mwenye mdomo: mwenye banda mwenyewe, au kijana aliyekwisha kuiona filamu mara kadhaa na asiyeweza kujizuia. Baadaye ikawa kazi, yenye maikrofoni, mashabiki na washindani. Dar es Salaam ilimjua Lufufu. Kampala iliwaita wake ma-VJ, na VJ Jingo akawa jina kubwa kuliko waigizaji wengi aliowatafsiri. Kenya ilimpata DJ Afro, ambaye sauti yake katika miaka ya 2000 ilitoka mabandani, ikaingia kwenye diski za mitaani, kisha kwenye skrini za matatu za Barabara ya Thika, na ambaye mashabiki wake bado wanaitana “amigos”.

DJ hakutafsiri maneno tu. Alitoa majina, maana majina ya Kichina yalikuwa magumu na ya Kimarekani hayakuwa na ladha. Aligawa vyeo: stering, yaani shujaa wa filamu, mrembo wa stering, mkubwa wa majambazi. Aliwahamisha watu makazi. Nilimsikia mmoja akieleza kwamba jambazi aliyerukia helikopta anakimbilia Gwa Kairu kwa shangazi yake. Aliongeza deni, mahari na kesi ya shamba pale ambapo mwandishi wa Hong Kong aliweka tu ugomvi wa shule mbili za kung fu. Na alihakikisha sheria kuu ya banda haivunjwi, kwamba stering hafi. Filamu iliyothubutu kumuua stering ilikuwa na matatizo: DJ mzuri aliijua mapema, akatangaza katikati kwamba yule tuliyekuwa tukimfuata hakuwa stering wa kweli, na wa kweli ni huyu hapa.

Wajapani walikuwa na watu wa namna hii zamani za filamu bubu. Waliitwa benshi, walisimama kando ya skrini wakisimulia na kuigiza sauti zote, na watu walinunua tiketi kwa jina la benshi kuliko jina la filamu. Kaka yake Akira Kurosawa, Heigo, alikuwa mmoja wao. Filamu zenye sauti zilipofika, benshi waligoma, wakashindwa, na Heigo alijiua mwaka 1933. Kwetu mambo yalikwenda kinyume. Sauti ndiyo iliyomzaa msimulizi. Kama filamu zile zingekuwa bubu, kila mtu angejitungia kisa chake na DJ asingekuwa na kazi. Kwa kuwa zilisema sana, na kwa lugha zisizo zetu, akahitajika mtu.

Nimesema naandika kwa heshima. Hiyo haina maana ya kuficha. Banda lilikuwa mahali pa wanaume na wavulana. Msichana aliyeonekana akitoka humo alikuwa na maelezo ya kutoa nyumbani, na hivyo nusu ya miji hii ilinyimwa taasisi ninayoisifu, au iliipata kwa kusimuliwa na kaka zao. Usiku wa manane baadhi ya mabanda yaligeuza kaseti, na kilichoonyeshwa hakikuwa cha kung fu. Mlangoni hakuna aliyeulizwa umri. Walimu waliokuja kuwasaka wanafunzi mchana wa Jumatano hawakuwa maadui wa sanaa. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, ilimtaka kila anayeonyesha filamu kwa umma awe na leseni, na machifu na askari wa kanjo waliikumbuka sheria hiyo hasa karibu na mwisho wa mwezi. Na kaseti zenyewe? Zilinakiliwa kutoka nakala ya nakala. Hakuna senti iliyorudi Hong Kong. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 ilikuwa wazi juu ya jambo hili, na banda lilikuwa wazi pia, kuanzia saa nne asubuhi.

Kuporomoka kwake kulikuwa kwa kawaida sana. Mpira wa Uingereza kwa setilaiti ulilipa vizuri kuliko Jackie Chan, na mabanda mengi yakageuka kuwa ya mechi. Upanuzi wa Barabara ya Thika, uliomalizika 2012, uliondoa vibanda vingi vilivyokuwa kando yake. Televisheni ya analogi ikazimwa 2015, ikabaki ya kidijitali. Simu za bei nafuu zikamaliza kazi: filamu yenye sauti ya DJ ikaingia kwenye kadi ya kumbukumbu, na mtu akaitazama peke yake, kwenye foleni ya matatu, akicheka mbele ya wasiojua anachochekea.

Warithi wake, hata hivyo, wanaonekana, na wamefika mahali ambapo banda lisingekubaliwa mlangoni.

Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya 2018, inahusu Jo, msichana mgonjwa asiyetarajiwa kupona, anayejiona kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu. Kijiji chake kinaamua kumtengenezea filamu ambayo yeye ndiye stering. Na mtu wa filamu katika kijiji hicho ni Mike, kijana anayewaonyesha watoto filamu za mateke huku akizisimulia kwa maikrofoni. Watazamaji wa Berlin, ambako majaji watoto waliitaja filamu hiyo kwa sifa ya pekee, walimwona Mike kama mhusika mzuri wa kubuniwa. Makongeni wangemuuliza banda lake liko wapi. Tena angalia jambo ambalo filamu hiyo inalifanyia kazi: stering ni mtoto, na anakufa. Ni sheria kuu ya banda inayowekwa mezani na kupimwa uzito, na nadhani ndiyo sababu inawaliza hata wanaume wazima walioapa kutolia.

Mrithi wa pili yuko Kampala. Isaac Nabwana alianzisha Ramon Film Productions mwaka 2005 katika mtaa wa Wakaliga, akaiita kwa majina ya nyanya zake, Rachel na Monica. Dunia ikaiita Wakaliwood. Alipokuwa mtoto hakuziona filamu, alisimuliwa na kaka zake waliorudi kutoka sinema, kisha akajaza mwenyewe kilichobaki. Filamu yake Who Killed Captain Alex?, ya 2010, ilitengenezwa kwa bajeti inayotajwa kuwa chini ya dola 200. Bunduki zilichomelewa kutoka vyuma chakavu, na helikopta zilitoka kwenye kompyuta aliyoiunganisha mwenyewe. Alipohitaji nafasi kwa filamu iliyofuata, alifuta ya zamani. Nakala iliyonusurika ni ile yenye sauti ya VJ Emmie juu yake, akitania, akishangilia, akimcheka jambazi na kumsifu mtengenezaji kwa zamu.

Kwa hiyo filamu ya Afrika Mashariki iliyopendwa kuliko zote na mashabiki wa filamu za ajabu duniani imewafikia ikiwa tayari na msimulizi wa banda ndani yake, na hawezi kutolewa. Bad Black, filamu nyingine ya Nabwana, ilionyeshwa mwaka 2016 katika Fantastic Fest, tamasha la Austin, Texas, na Crazy World ikaingia kwenye maonyesho ya usiku wa manane ya tamasha la Toronto mwaka 2019. Mwaka 2022 Wakaliwood walikuwa Kassel, Ujerumani, katika documenta, maonyesho makubwa ya sanaa. Matamasha hayo yalidhani yamegundua mtindo mpya. Mpya ulikuwa kwao.

Wakenya wengine wamechukua njia tulivu zaidi. Wanuri Kahiu alitengeneza Pumzi mwaka 2009, dakika kama ishirini za dunia iliyokauka baada ya vita vya maji, ambamo mtunza makumbusho anayeitwa Asha anapata udongo wenye unyevu na kuamua kutoka nje kutafuta mti. Filamu hiyo ilipigwa Afrika Kusini na kuonyeshwa katika tamasha la Sundance, Utah, mwaka 2010. Mbithi Masya alifuata na Kati Kati mwaka 2016, kuhusu watu waliokufa wanaojikuta kwenye hoteli ya nyikani wasijue walifikaje, na akarudi kutoka Toronto na tuzo ya wahakiki wa kimataifa. Zote mbili ni filamu za ajabu kwa maana kamili ya neno hilo. Zote mbili zimetazamwa zaidi na wageni kuliko na watu wa Kiganjo au Gatongora, na hapo naona hasara, kwa sababu mtu wa huku anaielewa Pumzi kwa namna ambayo mtu wa Utah hataielewa. Mto Thika na mto Ruiru yote imezuiwa kwa mabwawa ili Nairobi inywe. Mama anayenunua maji kwa mtungi mtaa wa pili kutoka kwenye bomba linalopeleka maji hayo Nairobi hahitaji kuelezwa vita vya maji ni nini.

Chuo Kikuu cha Mount Kenya kiko Thika, Chuo Kikuu cha Kenyatta kiko barabarani hapo kabla ya kufika Ruiru, na vyote viwili vina wanafunzi wa filamu. Siku mmoja wao atakapoamua kuanzisha tamasha la filamu za ajabu kwenye barabara hii, nina ombi kuhusu usiku wa ufunguzi. Kiingilio kiwe shilingi ishirini, na wasichana waingie kwanza, wachague benchi. Ratiba iandikwe kwa chaki. Waanze na Pumzi, na wamwite mmoja wa ma-DJ wa zamani, wampe maikrofoni na wasimpe maelekezo yoyote. Filamu hiyo ina maneno machache mno, kwa hiyo atakuwa na nafasi ya kutosha. Asha atapewa jina jipya, nyumba Kihunguro na mchumba asiyemfaa, na baraza linalomnyima ruhusa ya kutoka litapata mkubwa wa majambazi. Kisha, mwishoni, atafika pale ambapo Asha analala kando ya mche wake jangwani, na ukumbi mzima utamgeukia kutaka kujua huyu ni stering au siye.